Mbwa Wako Hana Hatia, Anakuogopa Tu

Hizi video mmeziona. Kijibwa cheupe, manyoya kama pamba, kimejikunja kwenye kona ya sebule. Masikio chini, macho yanakwepa kamera. Kando yake kuna kidimbwi juu ya zulia, na sauti ya mwenye keja inauliza, "Nani amefanya hii? Eh? Ni nani?" Kijibwa kinazidi kujikunja. Watu wanacheka hadi machozi, ati ona venye anajua amekosea.

Mimi sicheki. Hiyo video ndiyo jibu la swali ambalo huyo mtu atauliza wiki ijayo: mbona nimenunua pakiti nzima ya pedi za mbwa na bado anakojoa nyuma ya kochi?

Kama hujawahi kuziona, na kabla hujafikiria zile zingine, pedi za mbwa ni shuka dogo la kutupa, laini juu na plastiki chini. Unatandika sakafuni, mbwa wa ndani anakojoa hapo, unakunja unatupa. Zinafanya kazi kama daipa tu. Zile za kutandikia mgonjwa kitandani, za duka la dawa, ni karibu kitu kimoja.

Turudi kwa ile sura ya hatia. Mwaka wa 2009, mtafiti wa Marekani anayeitwa Alexandra Horowitz alichapisha utafiti wa mbwa 14. Mwenye mbwa anamkataza kula kitu kitamu, halafu anatoka chumbani. Huku nyuma, wakati mwingine mbwa anapewa ale, wakati mwingine kile kitu kinaondolewa. Mwenyewe akirudi anaambiwa mbwa amekula au hajakula, na mara nyingine anadanganywa. Ikaonekana ile sura haifuati kosa, inafuata makelele. Mbwa akigombezwa anajikunja, awe amekula au hajakula. Na waliojikunja zaidi ni wale ambao hawakuwa wamekula kitu na bado wakagombezwa.

Kwa hivyo kile unarekodi si majuto. Ni mnyama wa kilo tatu anamwomba mtu wa kilo sabini asimpige.

Sasa fikiria hii maneno ukiwa upande wa mbwa. Alikojoa saa nane, wewe ukafika saa kumi na moja ukaanza kupiga kelele. Hawezi kuunganisha kelele ya sasa na mkojo wa saa tatu zilizopita. Anachoona ni hivi: mkojo ukiwa sakafuni na binadamu akiwa chumbani, kuna shida. Suluhisho lake ni rahisi sana, kutokojoa mbele ya binadamu. Anaenda nyuma ya kochi, chini ya kitanda, kwa viatu vyako. Na ile pedi umeiweka wapi? Hapo hapo sebuleni, hatua mbili kutoka miguu yako. Hapo ndipo mahali pa mwisho duniani anaweza kukojoa. Halafu unamwita mkaidi, na amelishika somo lako lote vile ulivyolifundisha.

Wale wa kumsugua pua kwenye mkojo, mnafanya kitu kile kile, tena kibaya zaidi. Na wale wa kuchapa na waya wa chaja, Kenya kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kumpiga mnyama kikatili ni kosa. Najua hakuna mtu ataitiwa polisi ghorofa ya nne Roysambu juu ya kijibwa, lakini jueni iko.

Najua pia kuna wenye watasema mbwa ni wa nje, mambo ya pedi ni ya wazungu. Shags hiyo ni sawa kabisa, kuna boma na kuna kazi ya usiku. Lakini mtu wa bedsita anatoa mbwa wapi? Ngazi orofa nne, chini ni maegesho ya simiti, na ile nyasi kidogo iko hapo ina kibao cha usikanyage. Tena mtoto wa mbwa hafai kuzurura mahali mbwa wengine wanapita kabla chanjo zake zikamilike, na hiyo ni mpaka miezi kama minne. Ugonjwa wa parvo unaua watoto wa mbwa haraka, na virusi vyake vinakaa kwa udongo muda mrefu. Hiyo miezi, pedi si anasa.

Kumfunza ni saa tu. Makadirio ya kawaida ni kwamba mtoto wa mbwa anaweza kushikilia mkojo saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, hivyo wa miezi miwili ni saa mbili, na hapo ametulia. Akiwa anacheza ni chini ya hapo sana. Anakojoa akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Hizo nyakati hazibadiliki, unaweza kuwekea kengele kwa simu. Unambeba au unamwita hadi kwa pedi, unangoja, unanyamaza. Akikojoa hapo, kipande kidogo cha kuku wa kuchemsha papo hapo, si baada ya kwenda kufungua friji. Ukimpata katikati ya kukojoa mahali pengine, mwinue polepole umpeleke kwa pedi. Ukifika imeshakauka, panguza tu. Hiyo nafasi imepita.

Usimwachie nyumba nzima wiki za kwanza. Panga katoni au viti, mfungie kona moja: analala upande huu, pedi upande ule. Mbwa hapendi kuchafua mahali analala, tumia hiyo. Na pedi ikae mahali pamoja. Leo jikoni, kesho kwa mlango, hata wewe ungepotea.

Halafu lile zulia la manyoya, ambalo nusu ya Nairobi iko nalo. Kwa mbwa, kitu laini kinachonyonya maji ni pedi. Ni pedi kubwa, ya bei. Likunje uliweke juu ya kabati mpaka akomae.

Ya kusafisha ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Usimwage Jik juu ya mkojo. Mkojo una amonia, ikikutana na klorini inatoa hewa ya sumu, na kwa chumba kimoja dirisha limefungwa utaumia wewe na yeye. Nyonya mkojo kwanza na karatasi, osha na maji ya sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji. Harufu ikibaki, mbwa anasoma kama kibao cha choo.

Kama doh ni shida, magazeti ya zamani yanafanya kazi, ni vile tu yanalowa haraka na utabadilisha kila mara. Na tafadhali, pedi iliyotumika uikunje mwenyewe, uifunge kwa karatasi, uitupe. Mama anayekuja kufua Jumamosi alikubaliana na wewe juu ya nguo.

Chanjo zikiisha, atoke nje. Pedi haikuwa leseni ya kumfungia maisha yote kwa balkoni. Karura wanaruhusu mbwa akiwa kwa kamba, na kama ni mbali, hata kuzunguka mtaa jioni dakika 20 inamtosha kunusa dunia.

Lakini kuna swali linakuja kabla ya pedi. Kama unatoka saa kumi na mbili asubuhi, unarudi saa mbili usiku na jam ya Thika Road, na unaishi peke yako, mtoto wa mbwa wa wiki nane si wako kwa sasa. Hesabu tu hizo saa. Hakuna pedi itarekebisha hiyo. Nimechoka kuona matangazo ya "anahitaji nyumba mpya, ana miezi mitano, hana shida yoyote" na sote tunajua shida ni zulia. KSPCA wako na mbwa wazima wanaotafuta nyumba, na mbwa mzima anashikilia mkojo muda mrefu zaidi.

Na kama wako alikuwa anajua pedi miaka miwili, halafu ghafla ameanza kukojoa ovyo au anakunywa maji kupita kawaida, usimrudishe darasani na usitoe simu kumrekodi. Inaweza kuwa kibofu, figo au kisukari. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii.