Kamanyola na Uvira: plani ionyeshe pia kimo cha kila mashine

Bei ya pompi ya maji inaonekana kwenye faktura, na chumba itakamowekwa kinaonekana kwenye plani. Lakini kimo chake, yaani iko juu au chini kiasi gani, mara nyingi hakionekani popote. Katika bonde la Ruzizi, kimo hicho ndicho kinachoamua kama pompi itadumu miaka kumi au msimu mmoja wa mvula.

Ruzizi inatoka ziwa Kivu, karibu mita 1.460 juu ya usawa wa bahari, na kumwagika katika Tanganyika kwenye mita 770 na kitu. Mteremko huo ndio uliozaa barrage za Ruzizi I na Ruzizi II, na ndio unaofanya jina la Kamanyola litajwe leo kwa ajili ya Ruzizi III, mradi wa megawati 206 wa Congo, Rwanda na Burundi. Lakini mteremko huohuo unashusha mafuriko. Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukaua watu, ukabomoa nyumba, na maji ya bomba yakakatika. Kisha ziwa lenyewe likapanda, na mwaka 2024 likaingia ndani ya nyumba za watu ufukweni. Anayedhani kwamba haliwezi kupanda zaidi ajue kwamba katika karne ya 19 lilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, kabla ya kujifungulia njia ya Lukuga mwaka 1878.

Mainjinia wengi siku hizi wanachora kwa ordinatere, kwa programu kama Revit au AutoCAD. Programu ya namna hiyo inaweza kubeba kimo cha kila kitu: bomba, pompi, siterne, sanduku la umeme. Shida iko kwenye karatasi inayochapwa. Ili kutoa plani, programu inakata nyumba kwa ulalo, kama mtu anayepasua mkate, mara nyingi kwenye mita 1,20 juu ya sakafu, kisha inaangalia chini. Kilicho ndani ya mipaka iliyowekwa kinachorwa. Kilicho nje ya mipaka hiyo, juu ya plafo au chini ya sakafu, kinapotea kwenye karatasi hata kama kimo bado ndani ya faili. Mchoraji anajua kwamba kipo. Mwenye kulipa hajui, na masani anajenga kile anachokiona.

Kinachopotea ndicho cha hatari zaidi. Chini kuna pompi, fosi septiki na nyaya zinazopita ardhini. Juu kuna siterne: lita 5.000 za maji ni tani tano zinazokaa juu ya nguzo, katika nchi ambayo tetemeko la Februari 2008 liliangusha majengo Bukavu na ng'ambo ya mpaka, Rwanda.

Dawa imo ndani ya programu zenyewe. Mchoraji anaweza kupanga mitambo ionekane kwa kadiri ya kimo chake: iliyo juu ya mkato kwa mistari ya vipande, iliyo chini ya sakafu kwa rangi yake, na kila kitu kilicho chini ya alama ya mafuriko ya mwisho kwa rangi nyekundu. Kwa jengo la kawaida, hiyo ni kazi ya saa chache. Jambo moja tu lisisahauliwe, na wengi wanalisahau: sifuri ya plani. Kwenye michoro mingi 0,00 ni sakafu ya jengo lenyewe. Pompi iliyoandikwa «+0,30» inaonekana iko salama, kumbe sakafu yote iko chini ya mahali maji yalipofika. Sifuri ifungwe kwenye alama moja ya kweli, inayojulikana na kupimwa, si kwenye sakafu ambayo bado haijajengwa.

Watu watasema kwamba Kamanyola wengi wanajenga bila plani yoyote. Ni kweli, na hakuna anayemdai mama wa nyumba ya vyumba viwili achore kwa ordinatere. Lakini vituo vya afya, shule, hoteli, depo na vituo vya maji vinavyojengwa kwa pesa za wafadhili vina plani, zenye muhuri na sahihi. Na Ruzizi III ikianza kujengwa, nyumba za wafanyakazi, magaraji na maofisi yatafuata kando ya barabara ya kwenda Uvira, mengi katika ardhi tambarare ambako maji hayana pa kwenda.

Kwa hiyo ofisi za urbanisme, Walungu na Uvira, ziongeze karatasi moja kwenye dosie ya ruhusa ya kujenga: plani ya mitambo yenye vimo, pamoja na alama ya maji ya mafuriko ya mwisho. Dosie isiyo na karatasi hiyo irudishwe kwa mwenyewe kabla ya kupigwa muhuri. Wafadhili nao waidai kabla ya kutoa pesa ya kwanza, kwa kuwa pompi ikizama, wao ndio wanaoombwa nyingine.