Gunia la koltani linapimwa, anayelala kando yake hapimwi

Ndugu wasikilizaji wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, pamoja nanyi mliofika Kindu mkikimbia vita, leo tuseme juu ya nyumba.

Mtu akitaka kununua parsele hapa mjini, anauliza bei na karatasi. Komisionere anamwonyesha ukuta, bati na kisima, anapokea chake, anaenda. Swali moja haliulizwi: nyumba hii ilikuwa ya kazi gani mbele?

Swali hilo lina uzito kwetu Maniema. Udongo wetu unatoa kasiteriti, wolframu, dhahabu na koltani. Koltani mara nyingi huwa na uraniamu na thoriamu ndani yake. Uraniamu hiyo, katika kubadilika kwake polepole, inazaa gesi inayoitwa radoni. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi mtu. Ukiivuta miaka na miaka, inaharibu mapafu. Tangu 1988 wataalamu wa saratani duniani wameiandika kati ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. OMS inasema radoni ni kati ya sababu kubwa za saratani ya mapafu baada ya sigara, na kwamba mvutaji sigara yuko katika hatari mara 25 kuliko asiyevuta.

Nyinyi mliotoka upande wa Goma na Sake mnaijua mazuku, gesi inayotoka ardhini na kuua mtu palepale. Radoni ni gesi nyingine, nayo haina haraka. Ndiyo maana hakuna anayeilalamikia.

Sasa tazameni haya. Gunia la madini linapimwa kilo, linafungwa etiketi, linaandikwa kitabuni. Likifika kwenye meli, linapimwa tena: miale ikipita bekereli 10 kwa kila gramu, sheria za kimataifa zinauhesabu mzigo huo katika kundi la 7, kundi la vitu vyenye miale. Baharia wa mbali analindwa. Lakini mama mwenye watoto watano, aliyepangishwa chumba kando ya depo ya magunia, nani amempimia? Jiwe lina karatasi, mtu hana!

Najua nitajibiwa: watu wanakufa kwa malaria na kwa risasi, wewe unatuletea gesi isiyoonekana? Nami najibu: kuuliza hakulipishwi hata franka moja, na kufungua dirisha pia. Maskini hana saratani ya bure. Akiugua mapafu hapa, atauza hiyo parsele yenyewe ili asafiri kutafuta dawa.

Ufaransa, tangu 2018, mwenye kuuza au kupangisha nyumba katika eneo lenye radoni nyingi analazimishwa na sheria kumwambia mteja. Kwetu mwenye nyumba ananyamaza, na shefu wa avenue anatia sahihi.

Basi tunadai mambo matatu. Kwanza, idara ya madini ya mkoa ikataze magunia ya koltani kuwekwa katika nyumba wanamolala watu. Pili, Kinshasa ina Kamisaria Kuu ya Nguvu za Atomiki; walete vipimo Kindu na Kalima, si kwenye komptuari tu, hata vyumbani. Kipimo cha radoni ni kidude kidogo cha plastiki kinachowekwa chumbani miezi michache. OMS inashauri gesi isipite bekereli 100 kwa kila mita ya ujazo, na pasipowezekana, isipite 300. Tatu, karatasi ya kuuza parsele iandikwe wazi kama nyumba ilikuwa depo, au kama mchanga wake ulitoka mahali pa kuoshea madini.

Tukingoja wakubwa, tujisaidie. Uliza majirani, maana wao hawana komisheni. Usikubali chumba kinachopakana na magunia. Kama nyumba ilikuwa depo, osha sakafu kwa maji, usifagie vumbi kavu, ziba nyufa kwa simenti. Fungua madirisha kila siku. Kwa mbu kuna chandarua.

Na wewe mwenye nyumba unayeweka koltani mbele na wapangaji nyuma: hao watu walikimbia kifo kimoja. Usiwauzie kingine kwa kodi ya mwezi.