Jina tumetoa, lugha je?

Miongoni mwa programu mashuhuri za kuendeshea tovuti duniani, mojawapo ina jina letu. Jina la Joomla, programu iliyoanza kutolewa mwaka wa 2005, lilitokana na neno la Kiswahili 'jumla', kwa maana ya wote kwa pamoja. Tahajia tu ndiyo iliyogeuzwa. Ni fahari, lakini fahari yenye kasoro, kwani tovuti za shule na vyuo vyetu nizisomazo aghalabu ni za Kiingereza kitupu.

Nakumbuka siku nilipoalikwa na shule moja ya upili kutazama mfumo mpya wa tovuti uliokuwa umenunuliwa. Mwalimu wa kompyuta aliandika jina la mwanafunzi, akabofya, na kiwambo kikajibu: "Mwanafunzi imeongezwa." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa kando yangu, hakucheka. Alitaka kosa lirekebishwe papo hapo, akaambiwa kwamba programu ni mali ya kampuni na haifunguliwi.

Kosa hilo lina asili yake. Kurasa za tovuti huundwa kwa violezo, yaani kurasa na sentensi zenye mapengo ambamo programu hutia majina, tarehe au idadi. Kwa Kiingereza, aghalabu kiolezo kimoja hutosha, maana kitenzi hakijali kama kilichoongezwa ni mtoto, kitabu ama daftari. Kiswahili hakikubali. Mwanafunzi ameongezwa, kitabu kimeongezwa, daftari limeongezwa. Wingi nao hugeuza yote: wameongezwa, vimeongezwa, yameongezwa. Kiolezo kilichoshonwa kwa kipimo cha Kiingereza hakitutoshi, hata kama kila neno limefasiriwa.

Ndiyo sababu ninapendekeza programu huria kama Joomla. Leseni yake, GPL, humruhusu yeyote kuitumia bila kuinunua, kuichunguza, kuigeuza na kuwagawia wengine. Maneno yaonekanayo kwenye kiwambo huwekwa katika faili za lugha, mbali na violezo vinavyopanga sura ya ukurasa. Humo, sentensi nzima yaweza kuandikwa kwa kila aina ya kitu, ya umoja na ya wingi. Hivyo, mwalimu wa Kiswahili asiyejua kuunda programu aweza kusahihisha upatanisho wa kisarufi, huku mwanafunzi wa kompyuta akishughulikia violezo. Kazi ya mmoja haivurugi ya mwenzake.

Wapo watakaosema kwamba cha bure huja kuwa ghali. Wana haki kwa kiasi fulani. Seva hulipiwa, na programu isiyosasishwa ni mlango wazi kwa wadukuzi. Sharti shule iwe na mtu wa kuitunza. Lakini programu za kununuliwa nazo huhitaji matunzo, na juu ya hayo hutunyima ruhusa ya kusahihisha lugha yetu wenyewe.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo haitaingia kwenye kompyuta kwa miguu yake. Enyi walimu wa Kiswahili na wa kompyuta, ketini meza moja na wanafunzi wenu, muanze na faili moja tu ya lugha. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.