Amplifaya ya Stoo: Itengenezwe, Isikatwe

Muhula huu pamekuwa na ubishi mkubwa juu ya ile amplifaya kuukuu ya gitaa iliyoonekana stoo, nyuma ya madawati mabovu. Ni Vox AC30, iliyotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1960, nayo ni ya valvu, yaani zile chupa ndogo za kioo zing'aazo zipatapo moto, ambazo wazee wetu walizijua katika redio zao. Baadhi yetu husema isiguswe kabisa, iwekwe maktaba katika kabati la kioo. Wengine, nao ni vijana wa bendi, wataka bati lake litobolewe, vitufe viongezwe, valvu zing'olewe na transista zitiwe mahali pake. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, ila hazikukosea sawasawa.

Nianze na hao wa kabati. Wao hudhani kwamba kitu kikiachwa kama kilivyo, hubaki kama kilivyo. Sivyo. Ndani ya amplifaya hiyo mna kapasita kubwa za kutuliza umeme, na kila moja ni mikanda myembamba ya alumini iliyoviringwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa dawa. Kinachozuia umeme usipite humo ni utando mwembamba wa oksaidi juu ya alumini. Miaka ikipita dawa hukauka, na kapasita ikikaa muda mrefu bila kutiwa umeme utando nao hudhoofika. Siku mtu atakapochomeka plagi kwa mbwembwe mbele ya wageni, kapasita yaweza kupasuka, au ikavuta umeme mwingi hata transfoma ikaungua. Na transfoma ndiyo sehemu iliyo ghali na ngumu kuipata.

Waya wa umeme nao una mambo yake. Zama zile Waingereza walitumia waya mwekundu kwa umeme wenyewe, mweusi kwa kurudi, na wa kijani kwa ardhi. Mpira wa nyaya hizo hukauka ukameguka kama biskuti. Waya wa kijani ukikatika, kisha ule mwekundu ukagusa bati, basi bati lote pamoja na nyuzi za gitaa litakuwa na umeme, na mpigaji ndiye atakayepata habari kwanza. Kubadili kapasita na waya wa namna hiyo si kuharibu historia, kama vile kubadili utambi si kuharibu taa.

Hapa niweke onyo, maana najua wako watakaonyakua bisibisi kabla ya kumaliza kusoma. Amplifaya hii ina umeme wa zaidi ya volti 300 ndani yake, na kapasita zaweza kuushika umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiifungue mtu peke yake. Kwanza umeme uliobaki utolewe polepole kwa kupitishwa katika rezista, kisha upimwe kwa mita, wala usikisiwe kwa macho. Na siku ya kuiwasha mara ya kwanza ipitishwe katika balbu ya wati 100 ya zamani, yenye waya ndani, si hizi za LED. Balbu ikiwaka kwa nguvu isitulie, pana kasoro mahali, na balbu hiyo imeiokoa transfoma. Ni hila nyepesi, na mwanafunzi yeyote wa Fizikia aweza kueleza kwa nini hufaa.

Hao wa kabati wana neno moja zaidi, nalo ni zito kidogo: ati kila badiliko huiondolea amplifaya asili yake. Lakini asili ya AC30 ni ipi? Dick Denney aliyeibuni alikuwa amekwisha kubuni AC15, ambayo ilitoka mwaka 1958; wapiga gitaa wakalalamika kwamba haisikiki katika kumbi kubwa zenye makelele, ndipo ikaja AC30 yenye valvu nne za EL84 na spika mbili za inchi 12. Hata hiyo haikuwatosha. Walitaka sauti nyembamba isikike wazi zaidi, na kiwanda kikatoa kipande cha kuongeza, chenye valvu moja ya ECC83 na vitufe viwili, cha kufungwa upande wa nyuma wa sanduku. Wapigaji wengi walirudisha amplifaya zao zitobolewe zifungwe kipande hicho. Baadaye kiwanda chenyewe kilikiingiza ndani tangu mwanzo kikakiita Top Boost, na leo sauti hiyo ndiyo watu wanayoifikiri wakitaja jina la AC30. Kumbe kinachoitwa asili kilianza kama kiraka!

Nasikia vijana wa bendi wakipiga makofi. Wangoje. Kiwanda kilichotoboa mwaka ule kilikuwa na amplifaya nyingine elfu za kutengeneza. Sisi tunayo hii moja. Na imekwisha kutobolewa mara moja. Mtu fulani, hatumjui, alipasua tundu pembeni mwa bati apate kuunganisha kinanda cha kaseti, kisha akaliacha hivyo hivyo. Spika nazo si zile zilizokuja nayo, na za kwanza hakuna ajuaye zilikotupwa. Kama mtu huyo angaliziweka katika gunia pale pale stoo, leo tungalizirudisha kwa dakika kumi.

Ndiyo maana kipimo changu ni hiki: je, badiliko hili laweza kuondolewa Jumamosi moja, amplifaya ikarudi ilivyokuwa? Kuchomoa ECC83 ya mbele na kuchomeka 12AY7, ambayo haikuzi sauti kwa nguvu hiyo, kwaweza. Kubadili spika kwaweza, mradi za zamani zihifadhiwe. Kupasua bati hakuwezi. Na kung'oa valvu zote ni kubaki na sanduku tupu lenye jina, maana ule mngurumo wanaoutafuta hutoka humo humo katika valvu zinapozidiwa: hukandamiza kilele cha wimbi la sauti kidogo kidogo, hali transista kwa kawaida hulikata ghafla. Wala wasiseme valvu hazipatikani. Zatengenezwa mpaka leo katika nchi kama Slovakia, Urusi na China.

Wale wanaoona hamu ya kubuni haiwezi kutulizwa hivyo, nakubaliana nao. Lakini na wajenge yao. Mwaka 1962 huko Hanwell, London, Jim Marshall, mwalimu wa dramu mwenye duka la vyombo vya muziki, pamoja na Ken Bran na Dudley Craven, waliipenda Fender Bassman ya Wamarekani. Walifuata mpango wake wakaunda amplifaya mpya kwa vipuri walivyoweza kupata kwao, valvu ya mbele wakaifanya ECC83, na spika nne wakazitia katika sanduku lililofungwa nyuma. Ikatoka JTM45, na sauti ambayo Bassman haikuwa nayo.

Sisi tuanze na kidogo zaidi. Fender Champ ya miaka ya 1950, ile yenye mpango uitwao 5F1, ina valvu tatu tu: 12AX7, 6V6 na 5Y3, na nguvu yake yapata wati 5, yaani yatosha darasa moja. Chama cha Sayansi na bendi waweza kuiunda pamoja, mwalimu akiwapo, na humo watoboe wapendavyo. Vya kununua kwanza ni soketi moja ya pini 9, mbili za pini 8, na transfoma mbili. Ile ya umeme iagizwe ya volti 240, si 120 za Marekani. Bati tutalikunja wenyewe karakana.