Waongozaji hupita, tarehe ya filamu hubaki

HAKUNA habari inayowagawa mashabiki wa filamu za mashujaa wa vitabu vya katuni kama ile ya mwongozaji kuachia ngazi wakati filamu bado iko jikoni. Wapo wanaotangaza kwamba kazi yote imekwisha kuharibika, na wapo wanaomtetea mrithi wake hata kabla hajapiga picha moja. Mabishano hayo huwa makali, lakini mara nyingi humlenga mtu, ilhali kinachoamua mengi zaidi ni kalenda ya kampuni inayoitoa filamu hiyo.

Mfano ulio wazi ni wa X-Men: The Last Stand, filamu ya tatu katika mfululizo wa X-Men. Bryan Singer, aliyeongoza mbili za kwanza, za mwaka 2000 na 2003, alijiondoa Julai 2004 na kwenda kampuni ya Warner Bros. kuongoza Superman Returns. Kampuni ya 20th Century Fox haikuwa tayari kumsubiri. Mapema mwaka 2005 ilimpa kazi hiyo Matthew Vaughn, naye akajitoa katikati ya mwaka huo huo, muda mfupi kabla ya upigaji picha kuanza. Juni 2005 akaletwa Brett Ratner ambaye, kwa kinaya cha mambo, aliwahi kuteuliwa kuongoza filamu ya Superman kabla ya kuachana nayo mwaka 2003.

Katika kipindi kisichotimia mwaka mmoja, kiti kimoja kilikuwa kimekaliwa na watu watatu. Filamu ilitakiwa kuwa katika majumba ya sinema Mei 26, 2006, mwezi mmoja kabla ya Superman Returns.

Mashabiki walimshukia Ratner. Wengi walimjua kwa filamu za Rush Hour, zenye vichekesho na mapigano, wakahoji iwapo angeweza kuibeba hadithi nzito ya watu wanaobaguliwa kwa sababu ya vipawa walivyozaliwa navyo. Wengine walisihi apewe nafasi, kwa hoja kwamba ngoma huhukumiwa ikishachezwa. Filamu ilipotoka, malalamiko yakaongezeka. Cyclops anauawa mapema, Profesa Xavier naye anauawa, na kisa cha Jean Grey anayegeuka Phoenix kimebanwa pamoja na kisa kingine cha dawa ya kuwaondolea watu vipawa vyao.

Hata hivyo, mengi kati ya hayo hayakuanza na Ratner. Mswada wa Simon Kinberg na Zak Penn ulikuwa umeanza kuandikwa kabla hajafika. James Marsden, mwigizaji wa Cyclops, alikuwa amepata nafasi katika Superman Returns ya Singer, hivyo muda wake wa kuwa na kundi la X-Men ulikuwa mdogo. Kelsey Grammer, aliyeigiza Beast, alichaguliwa wakati wa Vaughn. Ratner alikabidhiwa nyumba ambayo ramani yake ilichorwa na wengine, akatajiwa na siku ya kuhamia.

Kwa upande wa Fox, hesabu zilikubali. Filamu hiyo iliingiza takriban dola milioni 459 duniani kote, wakati Superman Returns iliambulia takriban dola milioni 391. Matokeo kama hayo huwapa wakuu wa kampuni sababu ya kuziba masikio mashabiki wanapopiga kelele.

Hali kama hiyo ilijirudia katika Justice League, safari hii ikiwa na uchungu zaidi. Mei 2017 ilitangazwa kwamba Zack Snyder anajiondoa baada ya kufiwa na binti yake, na Joss Whedon akachukua usukani. Tarehe ya Novemba 17, 2017 haikusogezwa. Henry Cavill aliitwa kurudia baadhi ya picha akiwa amefuga masharubu kwa ajili ya filamu nyingine ambayo wenye nayo walikataa yanyolewe, ikabidi yafutwe kwa kompyuta. Watazamaji walioona mdomo wa Superman ukiwa na kasoro walikuwa wakitazama haraka ya kampuni. Na kwenye bango, jina la mwongozaji lilibaki la Snyder peke yake.

Mashabiki hawakunyamaza. Kwa zaidi ya miaka miwili walidai toleo la Snyder, wakachangisha mamia ya maelfu ya dola kwa ajili ya taasisi inayozuia watu kujiua. Baadhi yao, kwa upande mwingine, waliwatukana wakuu wa kampuni na wahakiki, jambo lililoitia doa kampeni yao. Machi 18, 2021, toleo hilo la saa nne lilitoka kupitia HBO Max.

Ushindi huo unahitaji kupimwa kwa makini. HBO Max ilianzishwa Mei 2020 na ilikuwa ikitafuta wateja. Kilio cha mashabiki kilikuwa kikubwa pia mwaka 2018 na 2019, lakini kilijibiwa kilipokutana na haja ya kibiashara.

Haina maana kwamba kila mabadiliko ya mwongozaji ni balaa. Edgar Wright aliiacha Ant-Man Mei 2014 baada ya kuifanyia kazi kwa miaka mingi, na mashabiki wakaomboleza. Peyton Reed aliyempokea aliifikisha sokoni Julai 2015, ikapokewa vizuri na kuingiza zaidi ya dola milioni 500.

Wala muda peke yake si dawa. Kinberg, aliyeshiriki kuandika The Last Stand, alipewa nafasi ya kukisimulia upya kisa cha Phoenix mwaka 2019, safari hii akiwa mwandishi na mwongozaji. Dark Phoenix iliahirishwa zaidi ya mara moja, na bado iliishia kwenye takriban dola milioni 252, kiasi kidogo kuliko filamu zote kuu za mfululizo huo zilizoitangulia. Blade ya Marvel, iliyotangazwa Julai 2019 na Mahershala Ali kama nyota wake, iliondokewa na Bassam Tariq mwaka 2022 na Yann Demange mwaka 2024. Hapo kampuni ilikubali kusogeza tarehe mara kadhaa, na Oktoba 2024 ikaiondoa kabisa katika ratiba. Kusubiri bila mswada uliokamilika hakuzai filamu.

Kwa hiyo shabiki anayesikia kwamba mwongozaji ameondoka ana maswali mawili ya kuuliza kabla ya kulumbana kuhusu mrithi. Je, mswada umekamilika? Na je, anayeingia ameongezewa muda, au amepewa tarehe ile ile ya aliyetoka? Majibu hayo hueleza mengi kuliko orodha ya filamu alizowahi kuongoza. Yakipuuzwa, lawama zitaendelea kumwangukia aliyefika mwisho, na waliopanga tarehe hawatatajwa hata kidogo.