Uchovu Baada ya Matibabu ya Kansa Si Uvivu



Mama mmoja alirudi kliniki kwetu miezi minne baada ya kumaliza mionzi ya kansa ya shingo ya kizazi. Daktari alimpima, akaona anaendelea vizuri. Lakini mama alikaa kwenye benchi akilia. "Nyumbani wanasema nimepona, sasa ninadeka," alituambia. "Nikichota ndoo moja tu, mwili wote umekwisha."

Sisi wauguzi tunayasikia maneno haya mara nyingi. Uchovu huu si ule wa shambani ambao usingizi wa usiku mmoja huuondoa. Mgonjwa hulala, akaamka amechoka vile vile. Huweza kudumu miezi, na kwa wengine miaka, hata kama kansa imekwisha. Si uvivu, wala si lazima uwe dalili kwamba ugonjwa umerudi.

Siku hizi vijana huwaletea wazazi wao mafundisho ya kujitunza yaliyomo kwenye simu. Je, tuyakatae? Tunasema hapana. Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Southampton kilitengeneza mafundisho ya namna hiyo kwenye intaneti, yaitwayo RESTORE, yanayomwongoza mgonjwa kujiwekea lengo dogo na kulifuata. Uholanzi nako ilitoka programu ya simu iitwayo Untire. Matokeo ya majaribio yake ya wiki 12, yaliyotolewa mwaka 2020, yalionyesha kuwa waliopewa programu hiyo walipata nafuu ya uchovu kuliko wale waliokuwa bado wanaingoja.

Hata hivyo, asiye na simu ya namna hiyo asikate tamaa. Mengi ya yanayofundishwa humo yanawezekana kwa daftari la shule na kalamu:

1. Andika uchovu wako asubuhi, mchana na jioni, kuanzia 0 hadi 10, pamoja na kazi ulizofanya. Baada ya wiki moja utazijua saa zako za nguvu.

2. Kazi nzito ziweke katika saa hizo. Nyingine wape wengine. Menya ndizi ukiwa umekaa. Pumzika kabla hujaishiwa nguvu.

3. Tembea kila siku. Wengi hushangaa, lakini kulala kutwa huongeza uchovu. Anza na dakika 5 au 10, kisha ongeza polepole.

4. Ukilala mchana, isizidi nusu saa, usije ukakosa usingizi usiku.

Lakini simu haipimi damu. Upungufu wa damu, malaria, maumivu na huzuni nzito huweza kujificha nyuma ya uchovu, na yote hayo yana tiba. Kwa hiyo fika hospitali kwanza. Ukiona homa, kutokwa damu, kuhema kwa shida au mguu mmoja kuvimba, usingoje siku ya kliniki. Na yeyote anayekuuzia kwa simu dawa ya kumaliza uchovu kwa siku tatu, mwepuke.

Tena simu haibebi ndoo. Hapa ndipo sisi tunaona kosa letu kubwa: tunamwachia mgonjwa ajisaidie peke yake, kisha tunamlaumu akishindwa.

Yule mama alisaidiwa na binti yake wa kidato cha pili. Binti alisoma Kiingereza cha kwenye simu, akamfafanulia mama yake, na kila jioni akamwandikia namba zake. Baba alipoliona lile daftari, lenye 8 na 9 siku baada ya siku, alinyamaza. Safari iliyofuata alikuja naye kliniki, akatuambia kwamba maji sasa anachota yeye na watoto. Uchovu haujakwisha, lakini mama anatembea hadi sokoni na kurudi.

Basi tunaziomba familia zote zenye mgonjwa wa namna hii: kabla hamjamwambia "jikaze", mwulizeni kwanza, "Leo uchovu ni ngapi?" Kisha mpokeeni ndoo.