Faili la mgambo liko wapi?

Na Devotha Kokushubira

Muleba tuna jambo moja ambalo wilaya nyingi hazina: mashujaa wetu waliolala wana anwani. Ukisema Kaboya, dereva wa basi hahitaji kuelekezwa. Hapo wamezikwa askari wa Vita vya Kagera, na hapo ndipo Rais Jakaya Kikwete alipokuja kuongoza Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai 2014. Utaratibu wa siku hiyo mnaujua. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, na wazee waliopigana vita wanamtoa mwenzao mmoja akaweke shoka.

Leo nataka kuwasemea wazee ambao hawaitwi kuweka shoka. Wapo Rubya, wapo Nshamba, wapo Kamachumu, na ukivuka kwenda Bukoba na Missenyi wapo wengi zaidi. Aliyekufa vitani kaburi lake linatunzwa. Aliyerudi hai, akienda kuuliza habari zake, anaweza kujibiwa kwa adabu zote: "Shikamoo mzee wangu. Jina lako halionekani."

Halionekani kwa nini? Wengi hukimbilia kusema ni uzembe au rushwa. Mimi nadhani jibu linaanzia kwenye namna vita vyenyewe vilivyopiganwa.

Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, senene wakikaribia kuanguka. Siku chache baadaye Amin alijitangazia kwamba ardhi yote iliyo kaskazini mwa mto Kagera ni ya Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu Nyerere akaliambia taifa kwamba sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Sababu na nia hazikuhitaji kutafutwa. Uwezo ndio uliobidi kukusanywa. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilivuka 150,000 katika muda mfupi sana. Polisi waliingia, magereza waliingia, JKT waliingia, na mgambo wapatao 40,000 wakaingia, watu waliofundishwa kushika bunduki vijijini na makazini tangu Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971.

Mfikirieni karani wa siku zile. Malori yamesimama, injini zinanguruma, vijana wanapanda, na yeye ana daftari na kalamu ya wino. Pengine ametoka mkoa mwingine na hajawahi kusikia jina la Kihaya. Kijana anataja jina lake mara moja, karani anaandika alichosikia. Rwegasira anasomeka Lwegasila. Kyaruzi anakuwa Charuzi. Deogratias anabaki Deo, na jina la baba linaachwa kwa kuwa mstari umejaa. Masikioni mwetu sisi r na l ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo kijana hata akionyeshwa daftari haoni kosa. Mimi mwenyewe ni Kokushubira gazetini na Kokushubila kwenye kadi ya benki, na sijawahi kupigana vita yoyote.

Kosa hilo lililala miaka mingi bila kumdhuru mtu. Kisha ikaja kompyuta. Binadamu akiona Rwegasira na Lwegasila, namba ya jeshi ni ileile inayoanza na herufi MT, kijiji kilekile, baba yuleyule, anajua ni mtu mmoja. Kompyuta inaona watu wawili. Kitambulisho cha Taifa kinasema hivi, akaunti ya benki inasema vile, karatasi ya jeshi ina yake ya tatu. Wakati wa uhakiki wa wastaafu mzee anaambiwa aende akaoanishe majina, na neno hilo "akaoanishe" linatamkwa kana kwamba ni kazi ya kumaliza kabla ya chai ya saa nne.

Tuseme ukweli kuhusu fedha, kwa sababu nimesikia wazee wakipewa matumaini yasiyo na msingi. Pensheni hutokana na utumishi wa miaka. Mgambo aliyevaa gwanda kwa miezi kadhaa, akafika hadi Kampala, kisha akarudi kwenye migomba yake, hawezi kugeuzwa mstaafu wa jeshi kwa kusahihishiwa jina. Wanaomwambia vinginevyo, na hasa wanaomtoza "ada ya kufuatilia", wanamla. Kwa huyu suala ni medali ya vita, ni kutambuliwa, ni fidia kama aliumia, na ni haki ya kusema nilikuwepo bila kuonekana mzushi mbele ya wajukuu wake.

Lakini wapo ambao hawakurudi migombani. Walibaki jeshini vita vilipokwisha, wakatumikia hadi kustaafu. Kwao tarehe ya kuanza utumishi ni fedha taslimu. Mtu aliyekuwa Masaka mji ulipotekwa Februari 1979, kisha faili lake likasema aliandikishwa mwaka 1980, amepunguziwa utumishi, na kiinua mgongo na pensheni vyote vimekokotolewa juu ya upungufu huo. Mwaka 2015 kima cha chini cha pensheni ya Hazina kilipandishwa kutoka takribani shilingi 50,000 hadi takribani shilingi 100,000 kwa mwezi. Weka hapo nauli ya kutoka Rubya hadi Dodoma na kurudi, malazi, chakula na kijana wa kumshika mkono, kisha uniambie mzee anasahihisha faili kwa fedha gani.

Na mjane je? Yeye anaanzia nyuma zaidi. Kwanza mahakama ya mwanzo impe usimamizi wa mirathi, halafu ndipo agundue kwamba marehemu wa mahakamani na askari wa kwenye faili hawana jina moja.

Hoja yangu ni hii. Daftari lilikuwa la serikali. Karani alikuwa wa serikali. Lori, bunduki na amri vyote vilikuwa vya serikali. Kosa likipatikana, anayepaswa kuhangaika kulitafuta ni mwenye daftari. Sisi tumeligeuza: tunamwomba aliyeandikwa vibaya alete ushahidi kwamba aliandikwa vibaya, na tunataka "nakala halisi" ya kitu ambacho hakuwahi kukabidhiwa.

Wamarekani walifikwa na kubwa kuliko letu. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis liliungua, na mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18 yakateketea. Hapakuwa na nakala. Ofisi ile haikuwaambia wazee wa vita kwamba basi, hamkupigana. Iliweka watu wa kuunga upya utumishi wa mtu kutoka kwingine: hati za malipo, orodha za vikosi, rekodi za hospitali. Tena tangu mwaka 1946 sheria yao iliruhusu mabodi ya raia, wala si ya maofisa wenyewe wa jeshi, yakae kusikiliza askari anayesema faili lake lina kosa au limemdhulumu. Muda wa kuomba ni miaka mitatu tangu kugundua kosa, na bodi inaweza kuusamehe kwa ajili ya haki. Simaanishi kwamba mabodi hayo ni malaika. Kwao pia watu hungoja na kulalamika. Ila mzee anajua mlango ni upi, na akikataliwa anaandikiwa sababu.

Waingereza wao walikawia karne nzima. Aprili 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilikiri kwamba wanajeshi na wapagazi wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi inaweza kufika 350,000. Waziri wa Ulinzi aliomba radhi bungeni. Hao ni mababu wa watu tunaowajua, wale waliobebeshwa mizigo hadi jina la kikosi chao likageuka jina la soko. Bukoba nayo ilionja vita hiyo: Juni 1915 Waingereza walikuja kwa meli kutoka Kisumu, wakabomoa mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani na kuupora mji. Nani aliandika majina ya wenyeji waliokuwa huko na huku siku hizo?

Kuna kisa cha Mwanza kinachopendwa sana kusimuliwa. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wa zamani wa jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza na wenye vyeti walikuwa wachache mno. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Mlipaji, kisa kinaendelea, akamkabidhi kila mzee ufagio na kumpigia amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyekosea.

Pengine kimetiwa chumvi. Wanaokisimulia hukisimulia kwa kicheko, na mimi sijawahi kukicheka sana. Toka vita vile viishe mwaka 1918 hadi malipo yale ni miaka 46. Mwaka 2025 Vita vya Kagera navyo vilitimiza miaka 46 tangu viishe. Hata hivyo mlipaji yule alielewa kitu kimoja: karatasi ni aina mojawapo ya ushahidi, na zipo nyingine.

Sisi Kagera tunazo nyingine, na nzuri. Wamisionari wa Afrika walifika Kashozi mwaka 1892, na toka hapo parokia zetu, Rubya ikiwamo, zimekuwa zikiandika ubatizo: jina, siku, jina la baba, jina la mama, msimamizi, na pembeni mwa ukurasa ndoa inapofungwa. Kwa kijana Mkatoliki aliyezaliwa miaka ya 1950, kitabu hicho mara nyingi kina habari zake kamili kuliko ofisi yoyote. Walutheri nao wana vyao. Waislamu wenzetu hawana daftari la namna hiyo, kwa hiyo kitabu cha kanisa kisije kikafanywa sharti jipya la kumfungia mtu nje. Yapo pia makadi ya hospitali, zipo picha, zipo barua zilizotumwa nyumbani kutoka Uganda, zipo medali zilizofungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku.

Na kuna wenzao. Huu ndio ushahidi ninaouamini kuliko wote, na ndio unaotuponyoka. Mkoa wetu ulipata pigo la pili kabla ya kupona lile la kwanza: wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983 hapahapa Muleba, hospitali ya Ndolage. Ugonjwa ulichukua hasa watu wa rika lililokuwa vijana vita vilipopiganwa. Waliobaki, aliyekuwa na miaka 20 wakati ule anakaribia 70. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza divisheni iliyoelekea Kampala na aliyeanza uaskari kwenye King's African Rifles enzi za Vita vya Pili vya Dunia, alifariki Oktoba 2024 akiwa amepita miaka 100. Hatuwezi kupanga sera kwa kutegemea umri wa namna hiyo.

Najua pingamizi litakalokuja, na lina uzito. Tukifungua mlango, watajaa waongo. Nchi hii imeumwa na nyoka huyo: tumesafisha watumishi hewa, na Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Lakini angalieni vizuri orodha hiyo inasema nini. Wale walikuwa na karatasi. Karatasi ndicho kitu rahisi kughushi. Mwongo anayekuja na cheti safi atapita kwenye dirisha letu la sasa, na mkweli mwenye kovu atarudishwa. Mkalishe mwongo huyohuyo mbele ya wazee watano waliokuwa Lukaya Machi 1979, wamuulize walikula nini, kamanda wao alikuwa nani, walilala wapi usiku ule, na kitu gani kilitokea barabarani. Nampa robo saa.

Kwa hiyo wazee wasitumwe Dodoma, Dodoma ije. Sisemi wizara nzima. Wilaya ina mshauri wa mgambo. Aongezewe ofisa mmoja wa kumbukumbu kutoka makao makuu, akiwa na orodha za vikosi vya wakati ule kama zilivyo, hata zikiwa na mashimo. Aongezewe hakimu au wakili wa kuapisha, ili kiapo cha majina kifanyike palepale bila mzee kutozwa. Wasikilize kata kwa kata. Shahidi aliyepigana naye akubaliwe kama shahidi. Jibu litolewe kwa maandishi, lenye tarehe, na likiwa la kukataa liseme kwa nini na rufaa inaenda kwa nani. Tofauti ya herufi moja katika jina ifutwe pale pale mezani kama namba ya jeshi na jina la baba vinaafikiana. Hilo la mwisho halihitaji bunge wala bajeti, linahitaji waraka wa ukurasa mmoja.

Waitu, nawaomba na nyie wajukuu jambo. Msingoje waraka. Mkiwa nyumbani wikiendi hii, muulizeni mzee namba yake, kikosi chake, kamanda wake, na majina ya wawili watatu aliokuwa nao. Andikeni anavyotamka yeye, kisha andikeni na namna nyingine zote ambazo karani angeweza kukosea. Pigeni picha ya kadi yoyote aliyonayo.

Na mshauri wa mgambo, akipata nafasi, aje Rubya siku ya gulio, wakati watu wapo. Alete daftari moja, na wenye karatasi na wasio na karatasi waandikwe humohumo.